Kama Marekani haichukui tena vijana kwa lazima, barua hii ya mwanangu ni ya nini?

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni Wakongo, tulitoka Kivu Kusini, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, na sasa tuko Marekani mwaka wa tano. Mwanangu wa tatu ametimiza miaka 18 majuzi. Imekuja barua yenye jina lake, imeandikwa Selective Service, inamtaka ajiandikishe. Nilipoelewa kuwa ni mambo ya jeshi, miguu iliisha nguvu. Kwetu, watu wa bunduki wakishaandika jina la kijana, humwoni tena. Yeye mwenyewe ananicheka, anasema shuleni wamesoma vita vya Vietnam na kwamba kuchukuliwa kwa lazima kuliisha mwaka 1973. Shemeji yangu anasema barua hizo ni za raia tu, tuitupe, na kwamba hata Muhammad Ali alikataa jeshi na hawakumfanya kitu. Mtu wa kanisani anasema wahamiaji wakishajiandikisha ndio wanaotangulizwa vitani. Halafu kuna kaka yake, ana miaka 27, tulifika naye hapa akiwa na 22, hajawahi kujiandikisha popote, na sasa anataka kuomba uraia. Kama jambo hili liliisha, barua ni ya nini? Nimsikilize nani?"

Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe, historia ije baadaye: hakuna anayekuja kumchukua mwanao. Barua hiyo inatoka Selective Service, ofisi ya serikali inayotunza orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini; inamtaka aweke jina kwenye orodha hiyo, haimwiti jeshini. Na ajiandikishe. Sheria inampa siku 30 tangu siku anayotimiza miaka 18. Kama zimepita, ajiandikishe vivyo hivyo, maana wanapokea majina ya waliochelewa mpaka mtu atakapofika miaka 26. Familia ya wahamiaji huumia kwa jina kukosekana kwenye orodha hiyo, si kwa jina kuwemo. La kaka yake ni zito kidogo, nitalifikia.

Hofu yako siidharau hata chembe. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe umetoka mahali ambapo kuandikwa na kuchukuliwa ni tendo moja, tena hufanywa usiku. Marekani nayo ilikuwa na wakati ambapo mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Yalitenganishwa, na yalitenganishwa kwa maamuzi ya watu wanaojulikana, kwa tarehe zinazojulikana. Ukizifahamu, utaona kwamba mwanao amepata nusu, shemeji yako amepata robo, na ndugu wa kanisani hakupata kitu.

Kwa muda mrefu Marekani ilichukua vijana kwa lazima wakati wa vita tu. Ilifanya hivyo mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambapo mwenye dola 300 aliweza kuzilipa akabaki nyumbani, na maskini wa New York wakauwasha mji moto mwezi Julai kwa hasira. Ilifanya tena mwaka 1917. Vita vilipokwisha, utaratibu ulivunjwa. Mwaka 1940 ndipo desturi hiyo ilipogeuka: Septemba 16, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kwanza ya kuwaita vijana jeshini nchi ikiwa bado haiko vitani. Haikupendwa. Ilipopelekwa kuongezewa muda Agosti 1941, Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 203 dhidi ya 202. Kura moja! Hata miezi minne haikuisha, Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor. Mpaka vita vinamalizika, wanaume wapatao milioni 10 walikuwa wameingia jeshini kwa wito wa lazima.

Sheria hiyo ilikufa mwaka 1947 na ikafufuliwa mwaka uliofuata, kwa kuwaogopa Wasovieti. Safari hii ilidumu miaka 25, kwenye vita na kwenye amani. Hata Elvis Presley, ambaye tayari nyimbo zake zilikuwa zikipigwa kila kona, aliitwa mwaka 1958, akanyolewa, akapelekwa Ujerumani. Hapakuwa na vita yoyote wakati huo. Kuitwa kulikuwa sehemu ya maisha ya kijana, kama vile JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ilivyokuja kuwa kwa vijana wengi wa Tanzania.

Hapa nakuomba usome polepole, mama, maana jibu la swali lako limefichwa hapa. Sheria ikiwa imesimama muda wote, rais hana haja ya kuomba ruhusa ya kuchukua vijana. Anaongeza idadi tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Vietnam. Agosti 2, 1964, boti za kivita za Vietnam Kaskazini ziliishambulia meli ya Marekani, Maddox, katika Ghuba ya Tonkin. Siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba zimeshambulia tena. Shambulio hilo la pili halikutokea. Ulikuwa usiku wa hali mbaya ya hewa, na mabaharia wenye wasiwasi walikuwa wakisoma kwenye vyombo vyao vitu ambavyo havikuwepo. Lakini Agosti 7 Bunge lilikwisha kumpa Rais Lyndon Johnson ruhusa ya kutumia nguvu atakavyoona inafaa. Baraza la Wawakilishi: kura 416, hakuna hata moja ya kupinga. Seneti: 88 kwa 2. Wale wawili walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, na wote wawili walishindwa uchaguzi mwaka 1968. Kuwa sahihi mapema mno nako kuna gharama yake.

Vita haikutangazwa. Mpaka leo, mara ya mwisho Bunge la Marekani kutangaza vita rasmi ni mwaka 1942. Julai 28, 1965, Johnson alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema kwamba askari walioko Vietnam wataongezwa kutoka 75,000 hadi 125,000, na kwamba vijana wanaoitwa kila mwezi wataongezwa kutoka 17,000 hadi 35,000. Hakupeleka muswada wowote. Mashine ilikuwa tayari inazunguka, yeye aliiongeza kasi. Kufikia mwaka 1969 Wamarekani zaidi ya 540,000 walikuwa Vietnam, na kabla mambo hayajaisha vijana wapatao milioni 1.8 walikuwa wameitwa kwa lazima, ingawa si wote waliopelekwa huko.

Nani aliitwa? Uamuzi ulikuwa mikononi mwa kamati za mitaa, zaidi ya 4,000 nchi nzima, zikiwa na wazee wa mji wanaojuana. Aliyekuwa chuo kikuu aliahirishiwa. Aliyekuwa na daktari wa kumwandikia barua aliahirishiwa. Mtoto wa fundi, mtoto wa mkulima, mtoto wa Mweusi wa mjini, hao walikuwa karibu na mkono. Na wahamiaji wenye ukaazi wa kudumu nao waliitwa, wakaenda, na baadhi yao wakafa kabla hawajawa raia. Ndiyo maana nasema shemeji yako amekosea anapodai kwamba jambo hili ni la raia tu. Halijawahi kuwa la raia tu.

Na kuhusu Muhammad Ali, namheshimu shemeji, lakini hadithi hiyo ameikata mkia. Aprili 28, 1967, huko Houston, jina la Ali liliitwa na yeye hakupiga hatua mbele. Siku ileile alianza kunyang'anywa leseni na ubingwa. Mwezi Juni alihukumiwa miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Pasipoti ilichukuliwa. Alikaa zaidi ya miaka mitatu bila pigano, katika umri ambao bondia ndipo anapochuma. Mahakama ya Juu iliifuta hukumu hiyo Juni 28, 1971, kwa kura 8 bila ya kupinga. Ni kweli kifungo kile hakukitumikia, kwa sababu alikuwa nje kwa dhamana na mawakili wake walipambana ngazi baada ya ngazi. Hakuna kilichompata? Kijana wenu asiye na jina wala wakili asijipime kwa mtu huyo.

Kilichoanza kuuvunja utaratibu huu ni mwaka 1968. Usiku wa kuamkia Januari 31, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam iitwayo Tet, wapiganaji wa Kikomunisti walishambulia miji zaidi ya 100 kwa mpigo, na baadhi yao wakaingia hata kwenye eneo la ubalozi wa Marekani mjini Saigon. Kijeshi walipigwa vibaya. Lakini wananchi wa Marekani walikuwa wameambiwa miezi michache tu kabla kwamba mwisho wa vita unaonekana, na sasa waliona kwenye televisheni adui yuko uani kwa balozi. Majenerali wakaomba askari wengine 206,000. Machi 31, Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena urais.

Richard Nixon alipoingia alijua kwamba kinachowafanya vijana waandamane barabarani ni ule wito wenyewe kuliko Vietnam. Kwanza alijaribu kuufanya uonekane wa haki. Desemba 1, 1969, mbele ya kamera za televisheni jijini Washington, waliweka vidonge vya plastiki 366 kwenye chombo cha kioo, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa ndani yake, wakaanza kuvitoa kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa Septemba 14. Maana yake, kila kijana aliyezaliwa tarehe hiyo, kuanzia 1944 hadi 1950, alipata namba moja. Cha mwisho kilikuwa Juni 8. Kwa mwaka 1970 waliita mpaka namba 195. Hebu wafikirie ndugu wawili wamekaa sebuleni wakitazama televisheni, mmoja anapata 12, mwingine 340, na mama yao yuko mlangoni.

Tena hata bahati nasibu yenyewe haikuwa safi. Vidonge viliwekwa kwa mpangilio wa miezi na havikuchanganywa vya kutosha, kwa hiyo tarehe za Novemba na Desemba zilitoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Wataalamu wa takwimu walililia jambo hilo, na mwaka uliofuata njia ilibadilishwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba hapo ndipo ilipoonekana wazi kuwa hakuna namna ya kugawa kifo kwa usawa ambayo watu wataipokea kwa roho nyeupe.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mei 4, 1970, askari wa Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba la majimbo, waliwaua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Julai 1971 katiba ilirekebishwa ili mwenye miaka 18 apige kura, kwa hoja isiyojibika kwamba anayeweza kutumwa kufa anaweza pia kumchagua anayemtuma. Tume iliyoundwa na Nixon chini ya Thomas Gates ilikuwa imekwisha kushauri kwamba jeshi liwe la watu wanaojitolea kwa mshahara mzuri. Na Januari 27, 1973, siku ileile makubaliano ya amani ya Vietnam yalipotiwa saini mjini Paris, Waziri wa Ulinzi Melvin Laird alitangaza kwamba wito wa lazima umekwisha. Ilipofika Julai 1, kifungu cha sheria kinachompa rais uwezo wa kuwaita vijana kilimaliza muda wake na Bunge halikukiongeza. Zaidi ya Wamarekani 58,000 walikuwa wamekufa. Wavietnam waliokufa ni wengi mara nyingi zaidi ya hao.

Hapo ndipo mwanao alipoishia kusoma, na mpaka hapo yuko sahihi. Alichokosa ni kwamba sheria yenyewe haikufutwa. Kilichoondoka ni ule mkono wa kuchukua. Daftari lilibaki, na ofisi yake ikabaki, ikiwa na kazi ndogo. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alisimamisha hata uandikishaji, daftari likafungwa.

Aliyelifungua tena ni Jimmy Carter, na hapa nina kumbukumbu yangu. Desemba 1979 Wasovieti waliingia Afghanistan. Januari 23, 1980, katika hotuba yake kwa taifa, Carter alisema uandikishaji utarudi, na kwamba Marekani haitakwenda kwenye Olimpiki ya Moscow. Ili kuzishawishi nchi za Afrika zisusie nazo, alimtuma mjumbe. Alimtuma nani? Muhammad Ali, yuleyule. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Dar es Salaam alipotua mwezi Februari, na sisi watoto hatukujali Moscow wala Afghanistan, tulitaka tu kumwona. Mwalimu Nyerere alikataa kukutana naye. Serikali iliona kwamba taifa kubwa likiwa na jambo zito la kusema halimtumi bondia. Waandishi wa habari nao walimuuliza kwa nini Afrika iisaidie Marekani kususia, wakati Marekani haikuisaidia Afrika iliposusia michezo ya Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini, na Ali, kwa uungwana wake, alikiri kwamba hilo hakuambiwa. Kenya ilikubali kususia. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Mtu aliyekataa kuitwa mwaka 1967 akawa mjumbe wa rais anayefungua upya daftari la kuitwa. Historia ya Marekani ina vituko vya namna hiyo, na huwa sichoki kuvisimulia.

Uandikishaji ulianza tena Julai 1980, na haujasimama tangu hapo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilikubali, majaji 6 kwa 3, kwamba waandikishwe wanaume peke yao. Barua iliyoko mezani kwako inatokana na uamuzi huo wa Carter.

Basi tangu 1980 kuna daftari bila mkono. Ili mkono urudi, ni lazima Bunge lipitishe sheria na rais aitie saini. Rais peke yake hawezi kufanya alichofanya Johnson mwaka 1965. Vita vya Ghuba vya 1991 vilikuja na kupita. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani ilipigana Afghanistan miaka 20 na Iraq miaka mingi, na hakuitwa hata kijana mmoja kwa lazima. Waliopigana ni wa kujitolea, wengine walirudishwa vitani mara tatu, mara nne, pamoja na askari wa akiba na Walinzi wa Taifa. Wengine walizuiwa kuondoka hata baada ya mkataba wao kwisha. Lilikuwa jambo la ukatili wake, lakini lilikuwa juu ya waliokwisha kutia saini. Majenerali wengi wenyewe hawataki wito wa lazima urudi. Askari aliyeletwa kwa nguvu ni mzigo kwa kamanda, na Vietnam iliwafundisha.

Je, unaweza kurudi? Ningekudanganya kama ningesema haiwezekani. Likitokea balaa kubwa mno, Bunge linaweza. Lakini mpango uliopo ni kwamba wangeanza na wale wanaotimiza miaka 20 mwaka huo, kwa bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa, kisha wa 21 hadi 25, na wa 18 na 19 wangekuwa wa mwisho kabisa. Hakuna mstari wa wahamiaji mbele na raia nyuma. Tarehe ya kuzaliwa haijui mtu alizaliwa Uvira au Chicago. Na mwanya wa zamani wa kujificha chuoni umezibwa; mwanafunzi angeruhusiwa kumaliza muhula, siyo kukaa miaka minne. Ukiniuliza mimi, uwezekano wa mwanao kuitwa kwa lazima ni mdogo sana.

Sasa gharama ya kutojiandikisha. Kisheria ni kosa la jinai, faini inaweza kufika dola 250,000 na kifungo miaka 5. Hizo ni namba za kutisha watu. Tangu katikati ya miaka ya 1980 hakuna aliyeshtakiwa kwa kosa hilo. Maumivu ya kweli huja kimyakimya. Ajira za serikali kuu zinamfungia. Majimbo kadhaa yanamnyima msaada wa masomo, ingawa masharti ya msaada wa serikali kuu yameshalegezwa. Na kwa ninyi lililo zito kuliko yote ni uraia: fomu ya maombi inamuuliza mwanamume kama alijiandikisha. Hawa wanaotakiwa ni karibu wanaume wote wanaoishi nchini wenye miaka 18 hadi 25, mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), mkimbizi, mwombaji hifadhi, hata asiye na karatasi. Wanaoachwa ni walioko kwa viza halali za muda, kama ya mwanafunzi.

Kujiandikisha hakugharimu senti. Ni dakika chache kwenye tovuti rasmi ya Selective Service au kwa fomu ya posta. Anayekuomba pesa kwa kazi hiyo ni mwizi. Majimbo mengi huandikisha kijana anapochukua leseni ya udereva, na Bunge limelishughulikia suala la kuwaandikisha watu moja kwa moja bila wao kujaza chochote, kwa hiyo kwanza aangalie kwenye tovuti hiyohiyo kama jina lake tayari limo.

Tuje kwa kaka yake, na hapa nakuomba usitegemee maandishi yangu peke yake. Alifika akiwa na 22, alitakiwa kujiandikisha ndani ya siku 30 za kuwasili, hakufanya, na sasa ana 27. Hawezi tena kujiandikisha. Mlango hufungwa mtu akitimiza 26. Hilo halimfungii uraia moja kwa moja. Kwa mwombaji wa umri wake, maofisa wa uhamiaji huangalia kama aliacha kwa makusudi huku akijua. Kama hakujua, anaweza kueleza hivyo kwa maandishi ya kiapo, akaomba Selective Service barua inayoeleza hali yake, na akaambatanisha chochote kinachoonyesha kwamba hakuna aliyemwambia: kiwango cha Kiingereza alipofika, anwani alizohama, ushahidi wa watu waliompokea. Akivuka miaka 31 suala hili kwa kawaida hupoteza uzito, na kuna wanaoshauriwa wasubiri. Lakini kusubiri nako kuna hasara zake, na uamuzi huo ufanywe na mtu anayeyaona mafaili yake kwa macho.

Mtu huyo ni wakili wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia kesi za uhamiaji. Shirika lililowapokea mlipofika mara nyingi linaye, au linajua aliko, na wengi hutoza kidogo au hawatozi. Nendeni ana kwa ana kabla hajajaza fomu ya uraia, siyo baada ya kuitwa kwenye usaili. Msiende kwa mjuaji wa mtaani mwenye mashine ya fotokopi. Na kama aliwahi kupokea barua kama ya mdogo wake akaitupa kwa ushauri wa mtu, amwambie wakili ukweli huo. Akiuficha ukajitokeza baadaye, atakuwa na makosa mawili.

Kuna mtego mwingine ambao wachache wanaujua. Mhamiaji akiomba asamehewe jeshi la Marekani kwa hoja kwamba yeye ni mgeni, anaweza kupoteza haki ya uraia daima. Kwa hiyo shemeji asije akamsaidia kijana kuandika barua ya "mimi si raia, nisamehewe". Kama mwanao dini yake au dhamiri yake inamkataza kubeba silaha, hiyo ni hoja nyingine inayotambuliwa na sheria, na inastahili kuzungumzwa na mtu anayeijua, lakini haimwondolei wajibu wa kujiandikisha leo.

Na mama, niseme jambo ambalo hukuuliza. Ukitaka kujua mkono wa jeshi unakomfikia kijana siku hizi, usiutafute kwenye bahasha ile. Uko shuleni, kwenye meza ya afisa wa kuandikisha askari mwenye tabasamu na kalamu za bure. Sheria inazitaka shule za sekondari zinazopokea fedha za serikali kuu ziwape maofisa hao majina na namba za simu za wanafunzi, isipokuwa mzazi akiandika kukataa. Mwanao akishatimiza 18 anatia saini mwenyewe bila wewe kuulizwa, na mkataba wa kwanza kwa kawaida ni miaka 8 kwa jumla, sehemu kazini na sehemu kwenye akiba. Simkatazi. Jeshi limewapa watoto wa wahamiaji wengi elimu, ufundi na njia ya haraka ya uraia, na pengine atalipenda. Ila mdomo wa afisa si mkataba. Kilichoandikwa ndicho kinachomfunga. Akianza kuzungumzia jambo hilo mezani, mwombe alete karatasi nyumbani, muisome wote na mtu anayekijua Kiingereza cha sheria, kabla kalamu haijagusa.

Kwa leo, kaa naye kwenye kompyuta au simu, ajaze jina, tarehe, namba yake ya Social Security na anwani. Akihama kabla ya kufika 26 abadilishe anwani. Atatumiwa uthibitisho wenye namba yake. Utoeni nakala mbili, uthibitisho wenyewe ukae kwenye ile bahasha mnayohifadhia karatasi za Nyarugusu na green card, nakala moja akae nayo yeye, na ya pili mpeni wakili mtakapompeleka kaka yake.